Neti ya Kijani ya Shangazi

Oktoba ya mwaka juzi nilimwambia shangazi yangu aondoe neti ya kijani juu ya kitalu chake cha miche. Alinisikiliza kwa sababu nilikuwa nasoma shahada ya uzamili, na kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa amelipa sehemu ya ada yangu. Shangazi huuza miche ya nyanya na pilipili hoho kule Mlali, mkoani Morogoro. Kitalu chake ni nguzo za miti, waya, na ile neti ya kivuli inayouzwa madukani kwa mita.

"Shangazi," nilimwambia, "jani ni la kijani kwa sababu linautupa mwanga wa kijani. Haulisaidii kitu. Sasa wewe umeifunika miche kwa rangi isiyoihitaji."

Aliikunja neti siku hiyohiyo. Siku ya tatu akanipigia simu. Majani yalikuwa yamepauka, kingo zimekauka kama karatasi iliyosogezwa karibu na moto. Trei kumi na mbili zilikuwa zimekwenda, na mteja alishazilipia nusu. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Mwanangu, hayo mambo ya rangi mliyapimia wapi?"

Nilikuwa nayapimia maabara, ndani ya maboksi matatu niliyoyafunika kwa karatasi nyeusi. Boksi moja lilikuwa na taa nyekundu za LED, la pili za bluu, la tatu za kijani. Ndani ya kila boksi kulikuwa na maharage kwenye makopo. Kila asubuhi nilichukua jani, nikapaka rangi ya kucha isiyo na rangi upande wa chini, nikasubiri ikauke, nikaibandua kwa selotepu na kuiweka chini ya hadubini. Rangi ile hubeba chapa ya ngozi ya jani, na katika chapa hiyo unaziona stomata, vile vitundu vidogo ambavyo jani hupitishia hewa. Kila kitundu kimekaa katikati ya seli mbili zenye umbo la figo, zinazoitwa seli linzi. Nilihesabu vilivyo wazi na vilivyofumba.

Ili rangi zote tatu zishindane kwa haki, nilihakikisha kila boksi lina mwanga sawa. Nilitumia kipima-mwanga cha bei nafuu, nikasogeza taa juu na chini hadi kila boksi likasoma luksi zilezile. Matokeo yalikuwa mazuri kuliko nilivyotarajia: bluu stomata wazi kabisa, nyekundu wastani, kijani karibu zote zimefumba na maharage yamedumaa. Niliandika sura nzima. Wiki mbili baada ya simu ya shangazi, msimamizi wangu aliirudisha. Alikuwa amezungushia duara neno moja, "luksi", na pembeni ameandika: "Kwa jicho la nani?"

Sikuelewa mara moja. Nilipoelewa, nilianza kusoma historia ya swali lenyewe, mwanzoni ili nijitetee tu. Nilikuta kwamba kosa langu lina zaidi ya miaka 170, na kwamba lilifanywa na watu wenye akili kunizidi sana.

Wa kwanza niliyekutana naye ni John William Draper, mwanakemia wa New York. Draper alikuwa hodari wa picha; mwaka 1840 alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kabisa kuupiga picha mwezi. Kufikia wakati huo ilikuwa inajulikana kwamba jani hutoa gesi pale tu linapopata mwanga. Jan Ingenhousz alikuwa amelionyesha hilo mwaka 1779. Kilichokuwa hakijulikani ni rangi gani katika mwanga wa jua inafanya kazi hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1840 Draper alipitisha jua katika prizimu, likatawanyika kuwa utepe wa rangi, kisha akapanga mirija ya kioo kufuata utepe huo. Ndani ya kila mrija kulikuwa na majani ya nyasi katika maji yaliyotiwa hewa ya ukaa. Akapima gesi iliyotoka. Mrija uliokaa kwenye njano ndio ulioshinda.

Lilikuwa jaribio la kupendeza, na jibu lake lilidumu kwa miongo mitatu. Wajerumani wawili ambao majina yao yamejaa vitabu vya botania, Julius Sachs na Wilhelm Pfeffer, nao walifikia njano. Pfeffer alichora mchoro wa kazi ya jani kwa kila rangi, akaona kwamba unafanana na mchoro wa jinsi jicho la mtu linavyouona mwangaza wa rangi hizo. Njano, ambayo sisi tunaiona ina mwanga mwingi kuliko rangi zote, ndiyo ambayo jani nalo lilionekana kuipenda zaidi. Jambo hilo lingepaswa kumshtua mtu. Kwa nini nyasi ziwe na ladha ya jicho la binadamu?

Aliyeshtuka ni Mrusi, Kliment Timiryazev, aliyezaliwa St Petersburg mwaka 1843, karibu na siku zilezile Draper alipokuwa akipanga mirija yake. Hoja yake ilikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ni ya ufundi. Draper, ili apate mwanga wa kutosha, alikuwa ameuachia mwanya mpana mlango wa kuingizia jua. Mwanya mpana unafanya rangi zipandiane, kiasi kwamba mrija wa katikati, ule wa njano, ulikuwa unapokea pia nyekundu na kijani za majirani zake. Timiryazev aliupunguza mwanya. Mwanga ukawa hafifu na gesi ikawa ndogo mno, ikambidi abuni vyombo vya kupimia viputo vidogo sana. Lakini rangi zilikuwa sasa zimetengana, na ushindi ukahamia kwenye nyekundu, palepale ambapo klorofili hunyonya mwanga kwa nguvu.

Sehemu ya pili ya hoja ndiyo iliyonifanya niweke kitabu chini. Alisema kung'aa si sifa ya mwanga. Kung'aa kunatokea ndani ya jicho letu. Jani halina jicho. Linachojali ni nishati iliyomo katika mwale na kama klorofili inaweza kuinasa. Mwaka 1903 alialikwa kutoa mhadhara mbele ya Royal Society jijini London, akauanza kwa kisa cha Gulliver na yule mtaalamu aliyekuwa akijaribu kukamua miale ya jua kutoka kwenye matango. Timiryazev alisema kwamba yeye ndiye mtu huyo: kwa zaidi ya miaka 30 alikuwa ameketi akilitazama jani la kijani ndani ya chupa.

Hata hivyo, jaribio lililonisisimua zaidi halikuwa lake. Lilifanywa Utrecht, Uholanzi, na mtu ambaye hata hakuwa mtaalamu wa mimea. Theodor Wilhelm Engelmann, naye aliyezaliwa mwaka 1843, alikuwa akichunguza misuli na moyo, na nyumbani kwake alikuwa mpenda muziki na rafiki wa mtunzi Johannes Brahms. Alikuwa amegundua kwamba bakteria fulani hufuata oksijeni: palipo na oksijeni wanaogelea kwa nguvu, isipokuwepo wanatulia. Mwaka 1882 alichukua uzi mmoja wa mwani wa kijani, akauweka chini ya hadubini pamoja na bakteria hao, kisha kwa kifaa maalumu akaumulika kwa utepe mdogo wa rangi, nyekundu upande mmoja wa uzi hadi zambarau upande wa pili. Kisha akatazama.

Bakteria walijikusanya sehemu mbili. Kundi kubwa lilikaa kwenye nyekundu, na kundi la pili kwenye bluu. Katikati, kwenye kijani, walikuwa wachache. Walikuwa wamechora mchoro wa usanisinuru kwa miili yao wenyewe.

Ninachokipenda katika jaribio hili ni kwamba Engelmann aliiondoa ladha ya mtu. Kipimo chake kilikuwa kiumbe kisichojua njano inang'aa kiasi gani kwa binadamu. Kilijua hewa tu. Ndiyo maana jibu lake limesimama, na ndiyo maana mchoro ule wa vilima viwili, nyekundu na bluu, upo katika karibu kila kitabu cha biolojia cha sekondari. Ndio mchoro niliokuwa nimeubeba kichwani kwenda nao Mlali.

Lakini uzi wa mwani unaishi majini. Hauna mlango. Mche wa nyanya unaishi hewani, na hewani kuna hatari ya kukauka. Ngozi ya jani imepakwa nta ili maji yasitoke, na nta hiyo inaizuia pia hewa ya ukaa kuingia. Stomata ndizo milango. Zikifunguka, hewa ya ukaa inaingia na maji yanatoka kwa wakati uleule, wala biashara hiyo si ya haki: kwa molekuli moja ya hewa ya ukaa inayoingia, mamia ya molekuli za maji hupotea. Kwa hiyo jani lina maswali mawili kuhusu mwanga. La kwanza ni rangi gani inapika chakula. La pili ni rangi gani inafungua mlango. Mimi, kama watu wengi walionitangulia, nilidhani ni swali moja.

Vitundu hivyo vilionekana tangu karne ya 17, hadubini zilipoanza kuelekezwa kwenye majani. Mwaka 1856 Hugo von Mohl alieleza jinsi vinavyofanya kazi: seli linzi zikijaa maji hupinda na kuachana, na kitundu kinafunguka, zikipungua maji, kinafumba. Kupima ndiko kulikokuwa kugumu, kwa maana ukilikata jani kulitazama, umeshalisumbua. Francis Darwin, mtoto wa Charles, alitumia kipande chembamba cha pembe ya mnyama. Pembe hujikunja inapopata unyevu. Ukiigusisha na upande wa chini wa jani, inajikunja kadiri stomata zilivyo wazi. Aliyaandika hayo mwaka 1898.

Mwaka 1911, yeye na Dorothea Pertz walitangaza chombo bora zaidi, poromita. Ni kikombe kidogo cha kioo kinachobandikwa kwenye jani, na mrija wenye maji unaovuta hewa kupitia stomata. Maji yakishuka haraka, milango iko wazi. Yakishuka taratibu, inafumba. Pertz alikuwa amesoma na kufanya mitihani ya sayansi Cambridge miaka ya 1880, lakini chuo hicho hakikuwapa wanawake shahada kamili hadi mwaka 1948. Kila ninapofungua poromita ya kisasa, yenye skrini na betri, namkumbuka mwanamke aliyejua kupima pumzi ya jani bila kulijeruhi huku jina lake likiwa halina shahada nyuma yake.

Sasa milango iliweza kupimwa, na ilikuwa wazi kwamba mwanga huifungua. Maelezo yaliyokubalika kwa muda mrefu yalikuwa mepesi. Seli linzi zina klorofili. Zikipata mwanga zinafanya usanisinuru, zinatengeneza sukari, sukari inavuta maji, seli zinavimba. Kwa maelezo hayo mlango ni mtumishi wa jiko: jiko likiwaka, mlango unafunguka. Rangi inayopika ndiyo inayofungua, na hakuna haja ya kuuliza mara mbili.

Maelezo hayo yalianza kuvunjika miaka ya 1960. Nchini Japani, M. Fujino alionyesha mwaka 1967 kwamba stomata zinapofunguka, potasiamu huingia kwenye seli linzi. Mwaka uliofuata R. A. Fischer alionyesha hilohilo Marekani. Kinachovuta maji zaidi basi ni chumvi, na chumvi haipikwi kwa mwanga. Inapaswa kusukumwa na kitu. Mwaka 1975 likaja pigo la kuchekesha kutoka kwa ua. Watafiti Nelson na Mayo walieleza kuhusu okidi za jenasi Paphiopedilum, ambazo seli linzi zake hazina klorofili kabisa, lakini zinafunguka na kufumba bila shida. Mlinzi asiye na jiko alikuwa anajua lini afungue.

Anajuaje? Mwaka 1977 Eduardo Zeiger na Peter Hepler walichukua seli linzi za kitunguu, wakaziondolea kuta kwa vimeng'enya hadi zikabaki kama viputo vya mviringo, wakaziweka kwenye maji yenye potasiamu na kuzimulika kwa bluu. Zikavimba. Seli iko peke yake, haina jani, haina hata ukuta, na bado inaitikia bluu.

Baada ya hapo lilikuja jaribio ambalo natamani ningelifanya mimi. Unalimulika jani kwa mwanga mwekundu mkali mpaka usanisinuru ushibe, yaani ukiongeza mwekundu hakuna kinachoongezeka. Kisha unaongeza bluu kidogo sana juu yake. Kama bluu ni chakula tu, hakuna kitakachotokea, kwa sababu jiko limeshajaa. Lakini stomata hufunguka zaidi, na kwa kiasi kikubwa. Hata mmweko mfupi wa bluu, wa sekunde tu, unatosha kuzianzisha, na zinaendelea kufunguka dakika kadhaa baada ya bluu kuzimwa. Chakula hakifanyi hivyo. Hivyo ndivyo habari inavyofanya: umeshaisikia, unaendelea kuifanyia kazi.

Miaka iliyofuata iliijaza habari hiyo na ufundi wake. Bluu inaamsha pampu katika utando wa seli linzi. Pampu inatoa protoni nje. Ndani kunabaki na chaji hasi. Potasiamu inaingia kuifuata, na maji yanafuata potasiamu. Kwa muda mrefu watafiti walibishana ni kitu gani ndani ya seli kinachoiona bluu. Zeiger na wenzake waliegemea kwenye zeazanthini, rangi ya njano ya jamii ya karotenoidi. Mwaka 2001 Toshinori Kinoshita, Ken-ichiro Shimazaki na wenzao walichukua mmea wa Arabidopsis, ndugu mdogo wa kabichi na sukuma wiki, ambao ulikuwa umepoteza protini mbili zinazoitwa fototropini. Ukipoteza moja tu, stomata bado zinaitikia bluu. Ukipoteza zote mbili, mlango hausikii tena. Fototropini hizohizo ndizo zinazoufanya mche uinamie dirishani.

Kwa nini bluu? Jibu moja linalotolewa ni alfajiri. Kabla jua halijachomoza, mwanga unaotufikia umetawanywa na anga, na una sehemu kubwa ya bluu. Kwa jani ni tangazo kwamba kunakucha. Likifungua mapema, hewa ikiwa bado baridi na yenye unyevu, linaingiza hewa ya ukaa kwa gharama ndogo ya maji. Mwanga mwekundu nao unafungua stomata, lakini kwa njia nyingine, inayokwenda sambamba na kazi ya usanisinuru yenyewe.

Nilipofika hapo nilifurahi kwa siku moja. Sura yangu ilisema bluu inazifungua stomata kuliko nyekundu, na historia ilisema vivyo hivyo. Kwa nini msimamizi alizungushia duara neno luksi?

Luksi ina historia yake. Mwaka 1924 tume ya kimataifa ya mwangaza ilipitisha mchoro rasmi wa jinsi jicho la mtu wa kawaida linavyouona mwangaza wa kila rangi kwenye mwanga wa mchana. Kilele kiko kwenye nanomita 555, kijani kinachoelekea njano, na pande zote mbili mchoro unaporomoka. Kila kipimo cha luksi kinautumia mchoro huo: kinakipa kijani uzito mkubwa, nyekundu uzito mdogo, na bluu mdogo zaidi. Kinafaa kwa taa za ofisini na barabarani. Lakini maana yake ni kwamba lile jicho la Draper, ambalo Timiryazev alihangaika miaka yote kulitoa maabara, mimi nilikuwa nimelirudisha, tena kwa kulinunua.

Nilikaa na kikokotoo. Jani linahesabu fotoni, chembe za mwanga, na si luksi. Taa zangu za bluu zilikuwa karibu na nanomita 460, za kijani 525, nyekundu 630. Nilipozisawazisha kwa luksi, boksi la kijani lilipata chini ya theluthi ya fotoni za boksi jekundu, na chini ya moja ya kumi ya fotoni za boksi la bluu. Bluu yenyewe ilikuwa na karibu mara tatu ya nyekundu. Sikuwa nimeshindanisha rangi. Nilikuwa nimelishibisha boksi moja na kulilaza njaa jingine, kisha nikaandika kwamba yule wa pili hana bidii. Kuhusu bluu jibu langu lilikuwa sahihi na jaribio langu lilikuwa bovu, na sidhani kama kuna jambo la hatari zaidi kwa mwanafunzi kuliko hayo mawili kukutana.

Kuhusu kijani hata jibu lilikuwa baya. Mchoro wa vilima viwili unaonyesha vizuri klorofili iliyoyeyushwa ndani ya chupa, au uzi mmoja mwembamba wa mwani. Jani ni nene. Mwanga wa kijani ukiingia humo unagonga huku na kule kati ya seli, unapata nafasi nyingi za kunaswa, na mwishowe sehemu yake kubwa inanyonywa. Kinachotufikia machoni ni kile kidogo kilichotoroka, na jicho letu, kwa kuwa linaipenda sana rangi hiyo, linakiona kikubwa. Mwaka 1972 Keith McCree, huko Texas, alichapisha vipimo vya aina 22 za mimea ya mazao. Nyekundu na bluu ziliongoza, lakini kijani hakikuwa mbali kama wengi walivyodhani. Kutokana na kazi hiyo mwanga wa usanisinuru ukakubalika kuhesabiwa kwa fotoni zote kati ya nanomita 400 na 700, kijani kikiwemo. Mwaka 2009 Ichiro Terashima na wenzake wa Tokyo walionyesha kwa majani ya alizeti kwamba jani likiwa tayari chini ya mwanga mweupe mkali, kuongeza kijani kunazalisha zaidi kuliko kuongeza nyekundu. Nyekundu inaishia juu, ambako seli zimeshashiba; kijani kinashuka chini, ambako bado kuna njaa.

Kuna mtu mmoja zaidi ambaye siwezi kumwacha. Robert Emerson, Mmarekani, alikuwa mwangalifu wa vipimo kiasi kwamba alibishana kwa miaka na mwalimu wake, Otto Warburg wa Berlin, mshindi wa Nobel, kuhusu idadi ya fotoni zinazohitajika kutoa molekuli moja ya oksijeni. Mwaka 1943, yeye na Charlton Lewis waliona jambo la ajabu: ukivuka nanomita 680 hivi, klorofili bado inanyonya mwanga mwekundu, lakini usanisinuru unaanguka ghafla. Mwaka 1957 Emerson alitangaza kwamba ukiuongezea mwekundu huo wa mbali mwanga wenye mawimbi mafupi zaidi, kazi inarudi, na jumla ya rangi mbili kwa pamoja inazidi jumla ya kila moja peke yake. Rangi hazikuwa zinashindana. Ndani ya jani kulikuwa na mitambo miwili inayopokezana, kila mmoja na rangi zake. Emerson alifariki katika ajali ya ndege mjini New York, Februari 1959. Mwaka uliofuata Robin Hill na Fay Bendall walichapisha ramani ya jinsi mitambo hiyo miwili inavyoungana, ambayo mpaka leo wanafunzi tunaichora kwa umbo la herufi Z.

Maboksi yangu matatu yaliuliza nani mshindi. Swali lenyewe lilikuwa limezeeka miaka 60 na zaidi kabla sijaliuliza.

Niliirudia kazi yote kwa kipimo cha fotoni nilichoazima, kwa miezi minne ambayo sikuwa nimeipanga. Tofauti zilipungua. Bluu bado ilifungua milango zaidi. Maharage ya boksi la kijani hayakudumaa tena kama mwanzo. Sura mpya haina msisimko wa ile ya kwanza, na msimamizi aliipitisha bila duara.

Desemba nilikwenda Mlali. Nilisema shikamoo, akaitikia, nikampa bahasha yenye sehemu ya fedha za trei kumi na mbili. Nilikuwa nimejiandaa kwa ile adabu ya kukataa mara mbili. Hakukataa. Alizihesabu mbele yangu, akazifunga kwenye pindo la kitenge. Kisha nikamweleza kwamba nilimdanganya bila kujua. Nilimwambia neti ile kazi yake kubwa si rangi. Inapunguza ukali wa jua na joto, ili mche wenye mizizi mifupi usipoteze maji kuliko unavyoweza kuvuta. Mwanga wa kijani unaopenya hapo si takataka, mche unautumia. Nilimwambia pia kwamba mimi nilitazama rangi ya neti kwa macho yangu, nikadhani ndivyo mche unavyoitazama.

"Haya," alisema. "Kesho uamke mapema unisaidie."

Saa kumi na mbili kasoro tulikuwa kitaluni. Anga lilikuwa na ile bluu ya kabla ya jua. Shangazi alifungua kamba upande wa mashariki, tukaikunja neti hadi nusu. Nilimuuliza kwa nini anaifungua saa hizi. Alisema ni kuizoesha miche, kwa kuwa shambani wanakokwenda hakuna neti. Saa tatu anaifunika tena. Hakutaja stomata wala fototropini, na mimi sikuzitaja. Nilikuwa na rangi ya kucha mfukoni. Nilimwomba jani moja la nyanya.

"Moja tu," alisema.